Kikao cha Kutolaumiana

Barua ya kumfukuza kazi Mama Kengele ilikuwa na aya tatu, na aya ya pili aliiandika yeye mwenyewe.

Aliitambua mara moja, kama mtu anavyoitambua nguo yake kwenye kamba ya jirani. "Saa nne na dakika kumi asubuhi, mhandisi wa zamu alipandisha toleo jipya bila kusubiri majaribio yaishe." Hata ile koma ilikuwa yake. Afisa utumishi alimsomea polepole, kisha akaigeuza karatasi ili aione vizuri.

"Haya maneno ni yako?"

"Ni yangu," alisema Mama Kengele. "Lakini juu yake kulikuwa na mstari mwingine."

"Kwenye nakala iliyoletwa kwangu haupo."

"Ulikuwepo. Ulisema kwamba saa nne na dakika tano mkuu wa ufundi aliagiza majaribio yarukwe, kwa sababu wageni wameshafika."

Mkuu wa ufundi mwenyewe alikuwa amekaa pembeni ya meza, anachezea simu. Ofisi nzima ilimwita Bwana Mwendo, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa neno lake la asubuhi na la jioni: mwendo, jamani, mwendo. Aliinua uso, akatabasamu.

"Dada," alisema, "si tulikubaliana kutolaumiana?"

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu sheria ya kutolaumiana aliileta yeye. Kampuni yao ilitengeneza programu ambayo zahanati arobaini ziliitumia kuandikisha wagonjwa, kupanga miadi na kutoa dawa. Kazi ya Mama Kengele ilikuwa kuchukua kila toleo jipya kutoka mikononi mwa waandishi wa programu na kulifikisha kwenye zahanati bila kitu kuvunjika. Kikivunjika, simu yake ndiyo iliyolia, akiwa jikoni, bafuni au msibani, na jina la Kengele lilitoka hapo. Miaka mitatu nyuma aliwashawishi wenzake kwamba baada ya kila hitilafu wakae, waandike dakika kwa dakika kilichotokea, wataje cheo tu na wasitaje jina. Anayesema ukweli asiadhibiwe, maana kinachotafutwa ni utaratibu mbovu na si mtu wa kumtundika. Watu walizoea kusema "nilikosea mimi" bila kutetemeka. Kwa kweli lilikuwa jambo zuri, na kama mambo mengi mazuri lilitegemea kwamba hakuna mshenzi chumbani.

Siku ile wageni walipokuja kuonyeshwa programu, mfumo ulilala saa sita nzima. Mama Kengele aliandika yote, la bosi na la kwake, akamtumia Bwana Mwendo ripoti ili aisambaze. Bwana Mwendo akafuta mstari mmoja tu.

Mlangoni, mlinzi ambaye kila asubuhi alimwita "mama yangu" aliagizwa apekue mkoba wake. Alipekua huku akiangalia ukuta. Akatoa chaja, akatoa kitana, akatoa bakuli la chakula cha mchana ambacho hakikuliwa.

"Samahani, mama," alinong'ona. "Wamesema nihakikishe hujaondoka na kitu."

Watu kumi na wawili walikuwa kwenye meza zao, na ghafla wote walikuwa na jambo la kusoma kwenye skrini. Jirani yake wa meza peke yake ndiye aliyeinua macho, naye aliyashusha upesi.

*

Nyumbani walikuwa watatu: yeye, mumewe anayetengeneza friji na ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, na mama yake Fundi. Huyu mama mkwe alikuwa karani wa masijala ya mahakama kwa miaka thelathini na moja. Alistaafu zamani, lakini bado aliitwa Bibi Karani, na bado alining'iniza miwani yake shingoni kwa kamba. Hakuwahi kuielewa kazi ya mkwewe. "Anakaa, simu inalia, anabonyeza, anakaa tena," ndivyo alivyowaeleza majirani, na hakuwa mbali na ukweli.

Aliisoma barua mara mbili, amesimama karibu na dirisha.

"Aya ya pili imeandikwa na mtu mwingine," alisema. "Haifanani na wenzake."

"Niliiandika mimi, mama."

"Wewe? Kosa lako mwenyewe? Kwa hiari yako?"

"Ndiyo utaratibu wetu. Tunaandika ukweli ili..."

"Nakala yako iko wapi?"

Mama Kengele aliinama kuvua viatu.

"Nimekuuliza nakala. Yenye tarehe."

"Ilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi. Wameichukua."

Bibi Karani alivua miwani, ikaning'inia kifuani. "Mimi nimefunga majalada ya wezi waliokamatwa na mbuzi begani," alisema, "na hata wao hawakuandika. Msomi mzima wewe."

Fundi alirudi saa kumi na moja, ana grisi mpaka kwenye viwiko. Aliwatazama wote wawili, akajua.

"Unga umemwagika?"

"Umemwagika."

Alikwenda kunawa mikono na akanawa kwa muda mrefu kuliko grisi ilivyohitaji. Aliporudi alisema atachukua kazi za Jumapili pia, na kwamba kazi zipo nyingi mjini kwa mtu mwenye kichwa kama chake. Alisema hivyo kwa moyo, na Mama Kengele aliitikia kwa moyo. Bibi Karani ndiye aliyeona kwamba hakuna aliyekula.

Kesho yake mama mkwe aliwaambia majirani kwamba mkwewe yuko likizo. Wiki ya pili jirani wa chumba cha mbele akauliza likizo gani hiyo isiyo na mwisho. Bibi Karani akamjibu kwamba wenye kazi kubwa wana likizo kubwa, kisha akaingia ndani na kumnunia mkwewe siku nzima kwa sababu ya uongo aliousema yeye mwenyewe.

*

Wiki ya tatu Mama Kengele aliitwa kwenye usaili katika kampuni nyingine, juu ya duka la viatu. Mwanamume mwenye miwani myembamba alimuuliza maswali mazuri. Ukipandisha toleo likaleta shida unafanyaje? Unalirudishaje la zamani bila wagonjwa kupotea kwenye orodha? Alijibu, akachora kwenye karatasi, akamsahihisha yule bwana mahali fulani, na yule bwana akafurahi kusahihishwa. Kwa nusu saa alikuwa yeye tena. Kisha bwana akavuta droo, akatoa ile ripoti.

"Bwana Mwendo aliisambaza kwa wateja wote, na kwetu sisi wenzake wa fani," alisema. "Alisema ni kwa ajili ya uwazi."

"Imefutwa mstari."

"Kila mtu angesema hivyo." Hakusema kwa ubaya. "Kazi unaijua, nimeona. Lakini mteja wangu akiuliza nani anashika funguo zetu, nikitaja jina lako, ataniuliza kama si wewe uliyezima zahanati arobaini. Ninayo nafasi ya kupokea simu za malalamiko. Ukitaka."

Alimshukuru, kwa kuwa alilelewa kushukuru. Ngazi alizishuka vizuri, barabara akaivuka vizuri, na alipofika kwenye ukuta mrefu wa ghala la mbao akasimama, akauambia ule ukuta, kwa sauti iliyomfanya mpita njia ageuke, kwamba Bwana Mwendo atamtoa nishai mbele ya watu hata kama itamchukua maisha yake yote.

Tangu hapo hasira ilihamia mwilini mwake ikakaa. Aliamka nayo, akafua nayo. Alimwazia Bwana Mwendo mambo ambayo hata Fundi hakumwambia.

*

Jumamosi moja mchana, akiwa anaosha vyombo, simu ikatetemeka kwenye kabati. Alikausha mkono mmoja, akasoma. "Toleo jipya limepandishwa zahanati zote arobaini. Mpandishaji:" na hapo likafuata jina lake na la baba yake, yameandikwa kamili.

Alidhani ni ujumbe wa zamani. Akatazama tarehe, ilikuwa ya leo, dakika mbili zilizopita. Akarudi nyuma kwenye simu, akaona mwingine wa Alhamisi, mwingine wa Jumanne. Alikuwa ameuzoea mlio ule kiasi kwamba aliacha kuusikia. Wamemfukuza, wamelichafua jina lake kwa kila mwenye masikio, na bado jina hilohilo wanaamka nalo asubuhi na kulifanyisha kazi.

"Njooni muone," aliita.

Aliwaeleza mezani, taratibu, huku mikono ikiwa bado na povu. Mashine inayopandisha matoleo haifanyi kitu bila ruhusa, na ruhusa hutoka kwenye akaunti. Siku walipoiunda, Bwana Mwendo alisema tumia ya kwako, tusichelewe, tutarekebisha baadaye. Mara tatu alimwandikia kwamba si sawa, kwamba inatakiwa akaunti ya mashine yenyewe, isiyo ya mtu yeyote, ili mtu akiondoka kazi isisimame. Mara tatu alijibiwa neno moja: tutaangalia. Sasa kila kitu kimejifunga kwenye jina lake. Matoleo yanapita kwa jina lake. Hata cheti cha usalama, ambacho kompyuta za zahanati hukidai kabla ya kufungua, mashine hukiomba upya kwa jina lake.

"Kwa hiyo mlango bado uko wazi?" Fundi aliuliza. "Unaweza kuingia sasa hivi, kutoka hapa?"

"Naweza."

"Basi ingia uzime. Wamekuharibia, waharibie."

Alikwenda chumbani, akarudi na kompyuta yake ya zamani, na kweli akaingia. Vitu vyote vilikuwepo kwenye mistari yake, vimepangwa alivyoviacha. Amri ya maneno manne ingetosha. Aliandika matatu. Fundi alikuwa ameinama nyuma yake, anahema kama aliyepanda ngazi.

"Ukibonyeza hapo," alisema Bibi Karani kutoka upande wa pili wa meza, "litaandikwa jina la nani?"

Kidole cha Mama Kengele kilibaki juu ya kitufe.

"Nimeuliza."

"Langu."

"Basi mna akili kweli nyinyi. Alikufukuza kwa uongo, sasa mnataka kumpelekea ukweli kwa mikono yenu, na polisi juu." Alivaa miwani. "Futa hayo maneno. Ondoka humo na usiingie tena. Haya, nieleze mimi nisiyejua kitu. Hiyo akaunti, ikifungwa, inakuwaje?"

"Mimi siwezi kuifunga. Wenye mamlaka ni wao."

"Sijauliza nani anafunga. Inakuwaje?"

"Ikifungwa imefutika, hairudi. Matoleo yanasimama siku hiyohiyo. Halafu cheti..." Alitazama skrini. "Cheti kimebakiza siku tisa. Kikiisha bila kubadilishwa, kompyuta zote zinakataa kufungua."

"Na wewe una haki ya kudai jina lako lisitumike?"

"Ninayo. Ipo hata kwenye sheria."

"Basi dai," alisema Bibi Karani. "Kwa adabu."

Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano Mama Kengele alicheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Fundi alimtazama mkewe, akamtazama mama yake, akavuta kiti akakaa.

Barua iliwachukua mchana mzima. Mama Kengele alitaka iwe fupi: naomba akaunti yangu ifungwe, wasalaam. Mama mkwe akakataa. Alisema lazima iwe na onyo, kwamba kabla ya kuifunga wahamishe kazi zote zinazoitegemea, na zitajwe moja moja, na cheti kitajwe na tarehe yake ya kuisha.

"Mama, ukimwonya si atajikinga?"

"Umesema ni mtu wa namna gani? Wa haraka?"

"Hasomi kitu kikizidi kidole."

"Basi weka onyo katikati. Aya ndefu, ya heshima, yenye 'kwa kuzingatia' na 'kama nilivyoeleza awali.' Juu andika unachoomba, chini andika unachoomba. Nimepokea barua miaka thelathini na moja, mwanangu. Watu wenye haraka wanasoma kichwa na mkia." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mwanangu tangu barua ya kufukuzwa.

Jumatatu Bibi Karani aliipeleka mwenyewe, amevaa gauni la kikazi. Alisimama mapokezi mpaka nakala yake ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala ya tatu akaiacha kwa mkaguzi wa usalama wa zahanati, ambaye wiki hiyo alikuwa akikagua kampuni ile ile.

*

Bwana Mwendo alisoma kichwa, akasoma mkia. Hakuwa mjinga, alikuwa mtu ambaye haraka yake ilimlipa kwa muda mrefu mpaka akaiona kuwa akili. Mkaguzi alikuwa chumba cha pili, na hakuna kitu mkaguzi anachokichukia kama akaunti ya mtu aliyefukuzwa kuwa hai. Bwana Mwendo alimwendea jirani wa meza ya Mama Kengele.

"Ifunge."

"Sasa hivi, bosi? Nadhani kuna vitu vinaitumia. Ngoja niangalie kwanza."

"Mkaguzi yuko hapo. Mwendo."

Yule jirani alibonyeza. Kisha, kwa kuwa naye alifundishwa kuandika dakika kwa dakika, aliandika saa kwenye daftari lake. Mkaguzi alisifu kwamba ombi lilishughulikiwa siku hiyohiyo, na Bwana Mwendo akaenda kula chakula cha mchana kwa furaha.

Toleo lililofuata lilipokwama waliambiana ni mtandao. Lililofuata hilo likakwama pia, wakasema watalitazama wiki ijayo.

*

Zilikuwa siku tisa ndefu, kuanzia ile Jumamosi. Mama Kengele alisugua masufuria mpaka yakang'aa kama ya dukani, akapanga nguo upya, akazipangusa kuta kwa kitambaa. Tangu akaunti ifungwe simu haikutetemeka hata mara moja, na kila ilipokaa kimya alijua kimya hicho kina maana gani. Alikuwa na raha ya ajabu. Alilala vizuri kuliko alivyowahi kulala akiwa kazini.

Siku ya saba Fundi aliweka kijiko chini. "Na wagonjwa?"

"Wataandika kwa karatasi. Waliandika kwa karatasi miaka mingi."

"Siku ile ya wageni ulirudi hapa unalia. Ulisema wamerudishwa watu wenye homa."

"Siku ile nilikosea. Safari hii sijagusa kitu. Nimewaonya kwa maandishi."

"Katikati," alisema Fundi.

Mama Kengele aliinuka akakusanya sahani. Lakini siku ya tisa asubuhi miguu yake yenyewe ilimpeleka zahanati ya jirani. Skrini mbili za mapokezi zilikuwa na maandishi yaleyale: Mahali hapa si salama, usiendelee. Foleni ilitoka mlangoni ikazunguka mpaka kwenye matangi ya maji. Mpokea wagonjwa alikuwa na daftari la shule, anaandika, anauliza, anafuta. Mzee mmoja aliyefungwa bandeji mguuni alikuwa akimweleza kwamba miadi yake ni ya leo, kwamba amekuja kwa kuazima baiskeli ya mtu, na mpokea wagonjwa anasema, "Sikukatai, baba, ila sina pa kuona kama ni leo." Mzee akakaa chini palepale kwenye saruji.

Mama Kengele aliona aibu. Haina haja ya kuficha. Aliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Na chini ya aibu kulikuwa na furaha, na alipozipima, palepale karibu na matangi, furaha ilikuwa kubwa zaidi. Alirudi nyumbani, akavaa nguo nzuri, akakaa sebuleni kungoja.

*

Bwana Mwendo alifika saa nane mchana, amebeba kompyuta kifuani na shati limelowa mgongoni. Jirani wa meza ndiye aliyemwelekeza nyumba. Alikuta mama mkwe na mkwe wamekaa, na kwa kuwa kochi lilikuwa na nguo za kupigwa pasi alionyeshwa kigoda. Alikaa, magoti yakamfika kidevuni.

"Dada, shikamoo hatupeani, tu wa rika moja," alianza, akijaribu kucheka. "Yaliyopita tuyaache. Tuna dharura. Vitu vyote vilikuwa vimejifunga kwenye akaunti yako. Vijana wamehangaika tangu asubuhi. Wenye zahanati wamesema ikifika saa kumi wanavunja mkataba."

"Nilikuandikia," alisema Mama Kengele.

"Ndiyo, nimeona. Leo."

"Aya ya tatu," alisema Bibi Karani, akaweka nakala yenye muhuri juu ya meza.

Aliisoma pale, yote, kwa mara ya kwanza. Unaweza kumwona mtu akisoma na damu ikimwondoka usoni. Mama Kengele alimwona, na hakugeuza macho. "Sema unachotaka," alisema Bwana Mwendo alipomaliza. "Utarudi kazini. Cheo juu. Chochote."

"Sitaki kazi yako. Ile ripoti ya siku ya wageni niliyokutumia, bado unayo?"

"Ipo."

"Itafute."

"Dada, saa zinakwenda..."

"Mwendo," alisema Mama Kengele.

Aliitafuta. Dole gumba lilimteleza kwenye simu mara mbili. Alipoipata, Mama Kengele akamwambia ausome ule mstari wa saa nne na dakika tano. Akausoma kimoyomoyo. Akaambiwa asome kwa sauti, mama hapa hasikii vizuri. Bibi Karani, ambaye husikia paka akipita nyumba ya tatu, aliinamisha kichwa na kuweka kiganja nyuma ya sikio.

"Saa nne na dakika tano," alisoma, "mkuu wa ufundi aliagiza majaribio yarukwe kwa sababu wageni wameshafika."

"Mkuu wa ufundi ni nani?"

"Ni mimi."

"Sasa itume, hiyohiyo niliyokutumia, na tarehe yake. Kwa kila mtu uliyemtumia ile nyingine. Juu yake andika kwamba ile ya kwanza uliipunguza wewe."

"Nikituma hivi nimekwisha."

Mama Kengele alitazama saa ya ukutani, naye akaitazama. Ilikuwa saa nane na nusu. Nje, Fundi alikuwa amerudi na amesimama kizingitini na begi lake la vifaa. Bwana Mwendo aliandika, akafuta, akaandika tena, na Bibi Karani akaisoma kwenye simu kabla haijaenda, akamsahihisha neno moja. Kisha ikaenda.

Hapo angeweza kumwambia kwaheri. Mama mkwe alimkodolea jicho akitarajia hivyo. Lakini Mama Kengele alikuwa na yule mzee wa bandeji machoni, akavuta kompyuta ya Bwana Mwendo, akaifungua kwenye meza. Ilihitajika akaunti mpya ya kubeba kazi zote zilizokuwa kwenye ile iliyofutwa. Alimwelekeza hatua kwa hatua. Mamlaka yalikuwa ya Bwana Mwendo, vidole vilikuwa vyake. Wakafika mahali mashine ilipouliza jina la mwendeshaji.

"Niandike nini hapa?"

Mama Kengele aliitazama ile nafasi tupu kwenye skrini, kwa muda ambao Fundi pale mlangoni aliuona.

"Andika la kwako," alisema. "Wewe ndiye mkuu."

Akaandika jina lake na la baba yake, kamili, kwa haraka, kama mtu anayetia saini ya kupokea kitu. Mashine ikaomba cheti, ikapewa. Saa tisa na dakika nne simu yake ikaanza kulia, zahanati moja baada ya nyingine, zimefunguka, na Bwana Mwendo akamshika Mama Kengele mkono kwa mikono yote miwili, akamshukuru, macho yamelowa. Mama Kengele alijua anachoshukuriwa. Kuanzia siku hiyo kila toleo lingepita kwa jina la mtu huyu asiyesoma chochote, kila kosa la kila mtu lingeandikwa kwake, na kila kengele ingelia mfukoni mwake, jikoni, bafuni na msibani.

*

Siku mbili baadaye yule bwana wa miwani myembamba alipiga simu. Alisema amezisoma ripoti zote mbili, na anaona haya. Aliuliza kama anaweza kuanza Jumatatu, kwenye funguo na si kwenye malalamiko. Mama Kengele alikubali. Bibi Karani aliwatangazia majirani kwamba likizo imekwisha.

Walipokaa kula, Fundi aliuzungusha mchuzi kwa kijiko.

"Ile akaunti ya mashine," alisema mwishowe. "Isiyo ya mtu. Uliyokuwa ukiiomba siku zote. Ungeweza kumwekea hiyo juzi?"

"Ningeweza."

"Ingechukua muda?"

"Dakika ileile," alisema Mama Kengele, akajisogezea sahani.